Zabibu Zinaozea Dodoma, Mimi Nipo Guangzhou

Jumatano, Machi 1998. Mawingu tu, mvua hakuna, lakini kuta za chumba zinachuruzika maji.

Nimeamka na hasira zisizo na mwenyewe. Viatu vya biashara nilivyonunua soko la Zhanxi wiki iliyopita vimeota kuvu. Jana nilifungua madirisha yote ili vikauke, kama ninavyofanya nyumbani. Mama mwenye nyumba alipoingia aliyafunga moja baada ya jingine huku akiguna. Kumbe msimu huu hewa ya nje ndiyo inayoleta maji. Nimevilowesha mwenyewe.

Viatu vinafutika. Kinachoninyima raha ni zabibu.

Kwetu Dodoma huwa kukavu mno. Mwaka huu mvua zimepitiliza, na asubuhi shamba linafunikwa na ukungu. Fundi mmoja mzee wa mvinyo akamwambia mume wangu, Baba Neema, kwamba hiyo ni bahati isiyokuja mara mbili. Ukungu asubuhi, jua kali mchana, basi kuvu fulani hutoboa ganda la zabibu, maji yakatoka, sukari ikabaki. Zabibu inasinyaa, inatisha kuitazama, ila mvinyo wake ni kama asali. Lakini mvua ikishinda inanyesha, kuvu hilohilo linaziozesha, hupati hata siki ya maana.

Majirani wote wamechuma. Sisi tumeacha shamba zima.

Jumapili Baba Neema aliniuliza kwenye simu, achume au asubiri? Nikamwambia asubiri. Tena nilisema kwa kujiamini, mimi niliye ng'ambo, nisiyejua hata wingu la huko limekaaje.

Leo alasiri nimempigia tena kutoka duka la simu. Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Nikamwambia achume leo hii, zozote atakazoziokoa.

"Mama Neema, shambani hakuingiliki. Matope mpaka magotini. Acha tu nisubiri, kama ulivyosema."

Hakusema kwa kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kisha akaniuliza kama na huku kunanyesha. Nililia palepale dukani, na Mkongo aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akajifanya anasoma bei ukutani.

Niliporudi nilimkuta mama mwenye nyumba anapangusa ukuta wa ngazini. Nikamwuliza kwa Kichina changu cha sokoni, sasa tufanyeje?

"Mei banfa," akasema. Hakuna namna, mpaka upepo wa kaskazini uje. Akanipa tambara.

Basi nafuta viatu, kimoja kimoja, na najua kesho kuvu litarudi. Madirisha nimeyafunga. Baba Neema hana namba ya kunipata huku, ni mimi tu ninayepiga, na duka la simu limeshafungwa.

Huku usiku umeingia, Dodoma bado ni mchana. Ee Mungu, jua limetoka?