Doti Isiyokatwa

Alhamisi, 9 Agosti 1956

Nimefika Dar es Salaam. Siku mbili za basi kutoka Mombasa, tukalala Tanga. Miguu imevimba.

Projestus, kaka yake marehemu mke wangu, alinipokea, akanileta kwake Temeke. Nyumba mpya, sakafu ya saruji, bado inanuka chokaa. Yupo mkewe Auleria, na yupo Benedicta, mdogo wa mwisho wa Projestus na mke wangu, anayefundisha darasa la kwanza. Shule zimefungwa, kwa hiyo anashinda nyumbani.

Miezi kumi tangu tumzike Felicitas. Msimamizi wetu kule kiwanda cha chapa ndiye aliyenifukuza: Anselmo, unapanga herufi kichwa chini, nenda ukatembee nchi ya watu wiki moja. Basi natembea. Nimekaa kitini kidogo, nikasimama. Nimezunguka nyumba mara tatu. Auleria akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Ijumaa, 10 Agosti

Mjini peke yangu tangu asubuhi. Nimeiona sanamu ya Askari — bunduki mbele, kama anataka kuvuka barabara na hawamruhusu. Nikaenda bandarini. Nikarudi. Kariakoo nimekula mbaazi za nazi na maandazi, nimesimama, ingawa benchi lilikuwa tupu. Mbaazi zao ni nzito kuliko zetu. Feli angeuliza wametia nini.

Jioni Benedicta aliniwekea sahani ya senene, panzi wa kwao, wa kukaanga. Mama yao hutuma kutoka Bukoba kwenye kopo la maziwa.

— Kula, shemeji. Nimewachambua mie mwenyewe, bawa kwa bawa.

Chumvi ile ile. Mombasa nasi tulikuwa tukiletewa kopo kila mwaka. Majirani waliona kinyaa, mimi nilizoea. Likiisha, Feli anajifuta mikono, ananiambia: umekula, sasa nivishe. Namnunulia doti ya kanga. Miaka minane, doti nane, zote zimo sandukuni mwake. Nilidhani ni utani wake tu.

Nimemaliza sahani. Auleria alikuwa ananitazama.

Jumamosi, 11 Agosti

Kariakoo tena. Nilitaka viatu. Nimetoka na doti.

Sijui ilikuwaje. Nilipita duka la Mhindi mmoja, Bandali, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kanga zilikuwa zimening'inia mlangoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ile ya zambarau yenye pindo jekundu. Bandali akasema mama atafurahi. Nikalipa. Akaniambia asipoipenda niirudishe, mradi haijakatwa. — Ikikatwa, baba, mimi na wewe hatujuani.

Ndani ya basi ndipo nikakumbuka kwamba huyo mama hayupo.

Nikakaa na bahasha ya gazeti magotini mpaka Temeke. Kuificha sandukuni nikaona haya. Nikawaza: aliyenipikia senene ni Benedicta, mkono mtupu haulambwi, nimpe yeye. Nikampa mezani, mbele ya wote. Kijiko cha Projestus kikasimama. Benedicta akaipokea kwa mikono miwili, akatazama chini. Auleria akapiga kigelegele. Projestus akanyanyuka, akanipa mkono, akaushika muda mrefu.

Watu wa huku wanathamini sana zawadi.

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya misa tulikwenda wote kutembea bustani za serikali, kisha askrimu. Tukakutana na karani mwenzake Projestus. Akanitambulisha: huyu ni shemeji yetu, sasa mara ya pili.

Nikamvuta kando. Mara ya pili vipi?

Akacheka kwanza. Alipoona sicheki, akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Kwao mwanamke humwandalia mumewe senene. Mume akisha kula, humvika nguo mpya. Ni mambo ya mume na mke. Na mume aliyefiwa kupewa mdogo wa marehemu si jambo geni kwao.

— Umekula, umemvika, mbele yetu. Na Feli ulimfanyia hivyo miaka yote, aliandika kwenye barua. Sie tukajua unajua.

Labda Feli aliniambia maana yake, nami nilikuwa nasoma gazeti.

Jumatano ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Benedicta akiivaa kanisani, Projestus atamwandikia mama yao. Anasema mama hajacheka tangu mazishi.

Askrimu imeyeyuka ikanichafua shati.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimetoka kabla ya chai ili nisionane na mtu. Makumbusho: ngoma, mikuki, mafuvu. Nikatoka. Nikapanda basi hadi Kinondoni bila sababu, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikampa mbuzi wa watu.

Nikisema nilikosea, namwaibisha Benedicta. Nisiposema, nimeoa kwa kusahau.

Jumanne, 14 Agosti

Naandika mkahawani Kariakoo, ng'ambo ya duka la Bandali. Amefunga kwa chakula cha mchana.

Asubuhi Benedicta alinikuta uani nikipiga viatu rangi kwa mara ya pili.

— Utavitoboa, shemeji.

Akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Akasema kaka amemwambia yote. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

— Mie nilijua umenunua kwa ajili ya dada. Ulivyoishika ile bahasha, nilijua.

Mbona ulipokea?

— Ungeirudisha wapi? Mezani pale? — Kisha: — Mie si dada. Nakoroma, na ubishi ninao. Wala sikupokea kwa huruma, usije ukajidanganya.

Akaingia ndani, akatoka na doti ndani ya gazeti lile lile. Haijakatwa. Akaniwekea magotini.

— Nenda nayo kwa Bandali. Ukiirudisha, njoo tu, chai itakuwa mezani, na kaka nitamfunga mdomo mie. Usipoirudisha, niletee uzi wa kupindia. Hapa ndani upo mweupe tu, utaonekana.

Mimi Feli sikuwahi kumnunulia uzi. Alikuwa akijinunulia.

Nimeagiza chai na chapati, na nyama za mshikaki. Nimekula vyote, nimekaa. Mwenye mkahawa kanitaka nihamie meza yenye kivuli. Nimemwambia hapa panatosha, naona duka. Kesho sikukuu. Keshokutwa basi la Tanga, saa kumi na mbili alfajiri.

Nimefungua ncha ya gazeti ili niitazame rangi kwenye mwanga. Nilikuwa nimekosea — pindo si jekundu kamili. Limeelekea damu ya mzee. Naandika nisije nikasahau: damu ya mzee, si nyekundu.

Bandali anaondoa komeo. Ameniona na bahasha yangu, anatikisa kichwa, anacheka, ananiita kwa mkono. Nakwenda kumuuliza uzi wa rangi hiyo.