Fomu Aliyoijaza Zuhura

Jumanne, 9 Januari
Dawa saa mbili. Chai nusu kikombe. Kochi mpaka adhuhuri. Posta imepita, hamna barua.

Mwezi wa sita huu tangu niiombe serikali ya hapa Marekani posho ya ulemavu. Daktari wangu anauita sonona. Kwetu Unguja tulikuwa tukisema fulani kanyamaza, basi, yakaisha.

Zuhura kaingia zamu mbili tena kwenye nyumba ya wazee. Asubuhi viatu vilimkataa, miguu imevimba. Mke wangu anajimaliza na mimi nimekaa. Hiyo posho ikipita ataacha zamu moja. Sina haja nayo nyingine.

Alhamisi, 11 Januari
Barua imekuja. Wamenikataa. Eti naweza kufanya kazi.

Kazi gani? Basi la uwanja wa ndege nimeliendesha miaka kumi na minne. Siku ya mwisho nilifika kituoni nikashindwa kufungua mlango. Kitufe kiko hapo, kidole hakiendi. Abiria wanagonga vioo, mimi nimekumbatia usukani nalia. Wao wameandika naweza kufanya kazi. Nimeichana bahasha. Barua nimeiacha, wakili wangu ataitaka.

Jumatano, 17 Januari
Springfield, kwa wakili. Zuhura kaendesha. Ni nusu saa kutoka kwetu Herndon.

Wakili hakuwepo, tumekaa na msaidizi wake, Wambui, Mkenya. Kafungua faili langu kwenye kompyuta, kasoma, katikisa kichwa.

"Mzee, hiyo siku ya kupimwa na daktari wa serikali, ulikuwa umevaa aje?"

Kanzu. Kofia ya kiua. Mtu haendi mbele ya mkubwa kama katoka jaani. Zuhura alinichonga ndevu, akaipiga kanzu pasi, akanifukiza udi.

"Sasa wewe ulienda kwa daktari ama harusi?"

Daktari kaandika: nadhifu, mtulivu, ananukia vizuri. Kaniuliza hali, nimejibu nzuri, alhamdulillahi. Nalo kaliandika. Ningejibu nini? Mtu hajakaa vizuri kwenye kiti umwanzie na maradhi?

Halafu Wambui kasema kilichoniangusha hasa si hicho. Kuna fomu nyingine, ya kujazwa na mtu anayeishi na mgonjwa. Aliijaza Zuhura, mie sikuwahi kuiona. Wambui kasoma. Anapika, hasa biriani. Anafua. Ijumaa haimpiti msikitini. Anapenda sana wageni.

Nimemgeukia mke wangu. Kainamia mkoba wake.

"Mama, si ungewaambia tu ukweli?"

"Nimuumbue mume wangu kwa watu nisiowajua?"

Tuna miezi miwili ya kukata rufaa. Yanatakiwa maelezo mapya, na lazima yatoke kwake.

Alhamisi, 18 Januari
Biriani! Mwaka mzima sijawasha jiko.

Binti yetu Salma kasikia yote. Ana miaka kumi na sita, hana simile. "Mama, you made that up? Baba doesn't even make tea."

Zuhura kamwambia ile ni sitara. Mtoto hakuelewa. Kaingia chumbani kwake, kafunga mlango. Nimebaki na hasira, sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 21 Januari
Nimemfokea Zuhura. Nimemwambia anajiua kwa zamu mbili ili nionekane mwanamume kwenye karatasi.

Hakupandisha sauti. Kaniuliza tu: "Na wewe kwa daktari ulisemaje?"

Jioni binamu yangu wa Manassas kapiga simu. Vipi hali? Salama, nimesema. Salama! Mdomo umeshazoea, hauniulizi. Nimekata simu nikajitukana.

Jumanne, 30 Januari
Zuhura haandiki. Karatasi ipo mezani, anaihamisha akitaka kupangusa, kisha anairudisha. Wambui kapiga mara mbili. Zuhura anasema akishaandika basi ndiyo imekuwa kweli.

Nimelala mchana kutwa. Sijaoga tangu Jumamosi. Nachukia serikali, nachukia fomu, najichukia mimi zaidi.

Jumatano, 7 Februari
Nimemngoja alipotoka kazini. Hata koti hajavua nimemwambia: niumbue. Mwenye aibu ni mimi na ruhusa natoa mimi. Andika yote.

Kalia. Mie sikuweza kulia, nilimshika mkono tu. Karatasi kaichukua, kaenda nayo jikoni.

Jumamosi, 10 Februari
Zuhura kaandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, na Salma katafsiri kwa kompyuta. Wameniachia mezani ile ya mkono. Nimeisoma peke yangu.

Kaandika: Mume wangu haogi mpaka nimwandalie maji na kumvua nguo. Ijumaa anavaa kanzu, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka swala ipite, kisha anaivua. (Mie nilidhani Zuhura halijui hilo.) Anasahau kula nisipompigia simu. Mwaka jana nilivichukua visu vyote vikali, viko kwenye gari yangu.

Mwisho kaandika hivi: Kila nikirudi kazini namwita jina lake kabla sijaingia ndani. Nasimama mlangoni nangoja aitike. Siku akichelewa kuitika, miguu yangu haiingii.

Siku zote nilidhani anataka nikampokee mifuko. Kuna siku nilimjibu kwa kelele, una nini, si uingie tu.

Barua imetiwa kwenye bahasha. Salma kaenda nayo posta. Watajibu watakavyojibu.

Nimeoga mwenyewe, bila sabuni lakini nimeoga. Nikarudi kwenye kochi. Saa kumi na moja gari yake imeingia. Nimesikia ufunguo, kisha mlango, kisha jina langu.

Nimeitika mara ya kwanza.