Kilele cha Bati Kimehama

Mzee Kamugisha,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza nawe kwa namna nyingine. Tangu tukuzike kule Nyaishozi, pembeni ya migomba yako, nimebaki peke yangu na mashine ya kupima madini hapa Rubwera. Na leo nimeharibu.

Asubuhi alikuja Mama Koku wa Mabira na ndoo ya mchanga wa bati. Watu walijaa mlangoni, nikapaparika, nikapima mchanga wake bila kuanza na kile kipande chako cha bati safi cha kuhakiki mashine. Namba ikatoka ndogo mno. Nikamwambia, "Mama, hapa bati hakuna." Akasema basi, wanawe watafukia shimo walilochimba leo hii, akapanda bodaboda akaondoka.

Ndipo nikapima kipande chako. Mzee, kile kilima cha bati kinachochoreka kwenye skrini hakikuwa mahali pake!

Nikakusikia kabisa: "Deo, mashine haijui bati. Inajua mapigo tu." Ulinifundisha kwa maharage ya chakula cha mchana, ukiyatenga makubwa huku, madogo kule. Jiwe likipigwa eksirei, kila madini hurudisha miale yenye nguvu yake. Kila mwale ukiingia kwenye kihisio unazaa pigo la umeme. Mashine inapima urefu wa pigo, inalitia kwenye kisanduku chake, inahesabu. Vipimo vikilegea kidogo tu, mapigo yanaangukia kisanduku cha jirani. Ya bati yalikuwa yameangukia jirani, mimi nikasoma kisanduku kitupu.

Nimerekebisha, nikapima tena mchanga uliobaki kikombeni. Bati lipo, tena jingi. Nimempigia Mama Koku simu mara saba, hapatikani. Wakishafukia shimo je? Kwa mvua hizi, nani atathubutu kulichimba tena? Ulizoea kunicheka kwamba naogopa hata jogoo. Kweli naogopa, Mzee. Naogopa macho ya yule mama kuliko kufukuzwa kazi, na wewe hupo wa kuniambia nianzie wapi.

Dereva wa bodaboda atakayenipeleka Mabira amekwenda kuweka mafuta, nakuandikia nikimsubiri. Namsikia anarudi.

Pumzika, Mzee wangu. Nakuahidi, nitasimama kwenye shimo lile mbele ya wanawe, niseme bati lao lipo, na kwamba mashine haikudanganya mtu. Nilidanganya mimi.

Deo wako