Ndege Asiyenenepa

Agosti 30, mwaka wa thelathini na tisa tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu mpenzi,

Picha ya chumba ulichonitayarishia nimeipata. Umekipaka kijani, rangi ninayoichukia tangu utotoni, nami nimecheka peke yangu jikoni.

Huku ndege wa matopeni wanajiandaa kuja kwenu, walewale tuliokuwa tukiwakimbiza ufukweni. Bado nawapima. Tunamtumbukiza ndege kichwa chini ndani ya kikopo ili atulie kwenye mizani. Wakati huu hunenepa karibu maradufu, maana njiani hawatui wala hawali.

Yule wa pete nyekundu mguuni, niliyemvisha mwenyewe zamani, safari hii hanenepi.

"Huyu kagoma kula," alisema mwenzangu anayesoma mizani.

"Mwache. Anaujua mwili wake."

Akautazama mkanda wangu, nilioutoboa tundu jipya kwa msumari. "Na wewe, mzee, umegoma?"

"Soma mizani, mama, usinisome mimi."

Tulicheka, kisha akanishika mkono, hakuuachia upesi. Daktari naye ana mizani yake, na kila nikipanda inashuka. Safari ndefu ameikataza.

Wenzake wakiruka, wa pete nyekundu atabaki nasi. Matope yana chakula, na asubuhi jua hufika hadi kitandani kwangu.

Chumba mpe mjukuu wako, abadilishe hiyo rangi. Ndege wakitua kwenu, nenda ukawaone. Wengine nimewashika kwa mikono hii.

Mimi sirudi, mdogo wangu.

Kaka yako