Radhi Unayoisubiri Kaburini

Kwako Baba Salma, uliyelala makaburini Mwanakwerekwe,

Leo nimetimiza siku tisini za eda yako. Nimekaa ndani ya fleti yetu ya Michenzani, buibui limetundikwa nyuma ya mlango, na sitoki ila kwa dharura. Haya ndiyo malipo ya mke wa mtu aliyekimbia maisha yake yote: kafa yeye, nimefichwa mimi. Usinune. Ulipokuwa hai hukupenda kuambiwa ukweli, sasa utausikia wote.

Unakumbuka pampu ya maji ya jengo letu ilipoharibika? Wiki mbili tulipandisha ndoo ghorofa nne. Wakazi wakakuchagua msemaji kwa sababu ya hiyo sauti yako nzito. Afisa wa maji alipofika, sote tukajipanga nyuma yako, wewe ukashika tumbo. "Nnakuja sasa hivi," ukasema, ukapanda zako juu. Aliyesema ni Bi Zuwena muuza maandazi, na maji yakatoka. Jioni ukanipa methali yako: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ukacheka, na mimi mjinga nikacheka nawe.

Kilio kilikwenda kwa Salma. Mwanao wa pekee alirudi kwetu Ramadhani iliyopita, mdomo umepasuka kwa ngumi za mumewe. Wewe ulikuwa umekwenda kuwasalimia siku hiyo, ukaona kila kitu kwa macho yako. Alipokwenda kwa kadhi kudai talaka, shahidi wake ulikuwa wewe peke yako. Kesi ikapangwa mwezi ishirini na moja Ramadhani. Mwezi ishirini, alasiri, ukachukua mto na msahafu, ukaingia itikafu msikitini.

Nilikuletea futari mlangoni mwa msikiti.

"Baba Salma, kesho kadhi anakusubiri."

"Nshanuia, Mama Salma. Sitoki humu mpaka mwezi uandame."

Imamu mwenyewe akakwambia itikafu yako ni sunna, na shahidi akiitwa ni wajibu aende. Toka, akasema, ukirudi utanuia upya. Ukafungua msahafu. Wenzako mle walikuwa wamemkimbilia Mungu, wewe ulitaka Mungu akufiche.

Kesi ikaahirishwa mpaka baada ya Idi. Ukatuma neno kwamba haifai mke wa mtu kula sikukuu nje ya nyumba ya mumewe, na Salma akarudishwa. Siku ya pili ya sikukuu mumewe alimpiga kofi lililoua sikio la kushoto. Kadhi hakuhitaji shahidi tena, cheti cha daktari kilitosha. Sikio la mwanao lilikwenda kusema uliyoogopa kuyasema wewe.

Walipokusalia jeneza, imamu aliuliza watu wanakushuhudiaje. Wakajibu kwa pamoja: mtu mwema! Nduguyo alikuja kunieleza huku analia. Tangu hapo huja kila Ijumaa, hukaa nje ya pazia.

"Shemegi, mridhie maiti. Asilale na mzigo."

"Nshasikia," namjibu.

Kusikia nimesikia. Kuridhia sijaridhia, na nilipanga kukunyima radhi yangu mpaka siku ya kiyama.

Jana nilimwambia Salma hivyo, nikidhani atafurahi. Alikuwa anachambua mchele.

"Baba alijificha, sawa," akasema. "Begi langu nani alilifunga, mama? Nani alinshika mkono mpaka mlangoni kwa yule mtu, akanambia nivumilie?"

Nilitaka kusema kwamba wewe ndiye uliyeniamuru. Nikaona aibu. Nikamwomba radhi palepale, tumekaa kwenye mkeka, na chano cha mchele kati yetu. Aliendelea kuchambua.

Basi subiri huko uliko. Malaika wakikuuliza juu ya mkeo, waambie hana cha kukupa. Nimepanga foleni ya radhi kwa mtu yuleyule uliyemkosea, na hata akinihurumia mimi, sitakuombea wewe.

Mkeo mpaka eda iishe,
Mama Salma