Harwell wa Parramatta

Parramatta, Australia, 3 Agosti 2024

Dada Elvire,

Habari za Ingleburn? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Sisi huku wazima.

Nagombea udiwani. Kwenye kipeperushi nimemtaja Harwell, yule wakili Mmarekani wa karne ya kumi na tisa tuliyesoma habari zake kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila: mtoto wa mkulima, akajisomea sheria, akawa wakili, kisha mbunge hadi Washington. Watu wataniona mimi humo. Naomba uilete kwaya yenu kwenye mkutano wangu Granville, tarehe 31. Na hasira za kesi ya Darlène ziishe. Ile ilikuwa kazi yangu ya uwakili.

Kaka yako,
Kubwimana

Ingleburn, 9 Agosti 2024

Kaka,

Salamu zimefika. Mama haumwi mgongo, anaumwa na wewe.

Harwell nilimsoma mpaka mwisho. Akiwa mbunge aliendelea kuitetea kampuni ya reli mahakamani, na wajane wa vibarua waliofia relini wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hilo hukuliandika.

Darlène alikatwa vidole vitatu na mashine kiwandani kwetu. Nilikuambia mezani kwangu, ukila ugali wangu, kwamba siku ile hakuwa amelala, alikuwa akimuuguza mwanawe. Wiki mbili baadaye ukasimama mahakamani upande wa kampuni ukamuuliza, "Ni kweli ulikuja kazini bila kulala?" Akageuka kunitazama. Fidia akakosa.

Kwaya haiji. Mimi nitakuja.

Dada yako,
Elvire

Parramatta, 12 Agosti 2024

Elvire,

Hali sikuulizi. Ukifungua mdomo Granville, usikanyage tena kwangu. Nani alikujazia fomu za kuja Australia? Bila mimi ungekuwa bado unapanga foleni ya unga. Kaa kimya.

Kubwimana

Ingleburn, 2 Septemba 2024

Bwana mgombea,

Natumaini u mzima, maana juzi Granville ulicheka sana.

Nilisema maneno manne tu: "Mwulizeni habari za Darlène." Ukashika maikrofoni: "Samahani, huyu mama simfahamu." Mama yetu alikuwa mstari wa pili. Aliinuka akatoka.

Darlène amekata rufaa, na jana nimekubali kuwa shahidi wake. Nitaulizwa wakili wa kampuni alizipata wapi siri za nyumbani kwa watu, na ana uhusiano gani nami. Nitajibu yote mawili.

Mtoto wa mama yako,
Elvire