Mstari kati ya Éliakim na Orpa

Butembo, Novemba 2001

Yaya Kaswera, mkubwa wetu,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini Kampala inawatunza na mguu wako umepona. Mama ni mzima wa mwili. Mimi ningali redioni, nasoma habari ninazoruhusiwa kusoma.

Umeuliza habari za mdogo wetu Zorobabel. Kazi yake chuoni unaijua: kukusanya makala kuhusu ugonjwa wa kahawa, kuchora ubaoni nani amemtaja nani, kisha kutabiri ni watafiti gani wawili wasiojuana watakuja kuandika pamoja. Mwaka huu alichora mstari kati ya Éliakim, mwalimu mwenzake, na Orpa wa kituo cha utafiti cha Mavivi, ng'ambo ya Beni, anayechunguza mashamba ya Kamango. Walitaja makala zilezile, na Zorobabel aliwajua wote wawili. Lakini vita vilifunga barabara, wala posta hakuna. Hawakuandikiana.

Basi akaamua kumpelekea Orpa makala ya Éliakim, kwa baiskeli. Éliakim alimcheka mbele yangu: eti nabii gani huyu, anatabiri mvua kisha anapanda juu ya paa na ndoo ya maji. Zorobabel akajibu kwamba hesabu yake inajua makala tu, haijui barrière, vizuizi vya askari barabarani; lazima mtu aisaidie. Mama alimkataza. Mimi nilimwomba angoje.

“Kahawa ya batu inakauka, yaya,” akaniambia. “Nitangojea nini?”

Kwetu habari ya namna hii haiandikwi. Huletwa na mtu, naye hukaa kwanza. Barabara imenizuia, ndiyo maana nimemwomba mchungaji Abdias, anayeruhusiwa kupita na aliyekupa barua hii, asiondoke mpaka uimalize. Zorobabel amekufa. Alipigwa risasi kwenye barrière kabla ya kufika Beni. Ya kundi gani, sijapata kuthibitisha. Tumemzika kando ya baba.

Orpa alisikia, akaja matangani kwa miguu, akipitia mashambani. Alikaa jikoni na Mama, akamenya mihogo. Siku ya kuondoa matanga Éliakim alimsogelea, wakazungumza juu ya mizizi na kuvu, kwa sauti ya chini, kama watu wenye haya. Sasa wanaandika pamoja.

Wanataka jina la Zorobabel litangulie majina yao. Mama anasema jina la marehemu halitoki nyumbani bila ruhusa ya mtoto wa kwanza. Ni wewe, yaya. Hawatapeleka makala popote kabla hujasema.

Mpe Abdias chakula. Mama anakushika mkono.

Mdogo wako,
Paulin